Mgombea useneta Nakuru anayejiita mhafidhina: ahadi zake za kitaifa zinapimwaje?

Mkazi_Section58 aliuliza:

Hamjambo wadau. Kanisa letu hapa Nakuru linaandaa mdahalo na mmoja wa wanaomezea mate kiti cha useneta 2027. Jina nalihifadhi, uzi huu usije ukageuka uwanja wa kampeni. Mwenyewe anajiita mhafidhina, tena kwa fahari: Mungu, familia, serikali ndogo, mkono wa serikali utoke mfukoni mwa mwananchi. Kipeperushi chake hakigusi barabara za mitaani wala maji. Karibu chote ni sera za kitaifa.

Kwa ufupi anasema hivi. Tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara itafutwa ndani ya siku 100, na VAT ya mafuta irudi asilimia 8 kutoka 16. Nchi isikope tena hata shilingi. Kaunti zipewe asilimia 35 ya mapato ya taifa. Utoaji mimba upigwe marufuku bila kisingizio chochote, na ndoa ibaki ya mume na mke. Kiboko kirudi shuleni, CBC (mtaala wa umilisi) iondoke. Walioiba mali ya umma wanyongwe. Serikali iache biashara, hasa viwanda vya sukari, na sukari ya nje ifungiwe mlango.

Sitafuti kumpinga wala kumpigia debe. Katika kamati yetu wapo wanaokubaliana naye karibu kwa kila kitu, na wapo wasiokubaliana naye hata kwa moja. Tunachotaka kujua ni lipi kati ya hayo seneta anaweza kulifanya, lipi si lake, na lipi linagongana na jingine. Hapo tutaandika maswali yenye meno. Wenye kuijua Katiba na bajeti, tafadhali tupeni vifungu na hesabu.

---

Karani_wa_Vikao alijibu:

Kabla hujafika kwenye uhafidhina wake, tazama kiti anachokitaka. Kipeperushi hicho kimeandikwa kama cha mgombea urais, na nusu ya yaliyomo hata rais hawezi peke yake.

Kazi ya Seneti iko Kifungu 96: kuwakilisha kaunti, kupitisha miswada inayogusa kaunti, kugawa pesa kati ya kaunti, kuchunga matumizi ya pesa hizo, na kusikiza mashtaka ya kumwondoa rais au naibu wake. Magavana pia hufikishwa huko wakishang'olewa na mabunge yao. Mswada usiogusa kaunti hauonekani Seneti kabisa, unaanza na kuishia Bunge la Kitaifa. Hicho ni Kifungu 109(3).

Sasa chukua tozo ya nyumba. Mswada wowote wa kuweka, kupunguza au kufuta ushuru wa taifa huanzia Bunge la Kitaifa tu, Kifungu 109(5) na 114. Hata huko, mbunge hajiandikii ushuru anavyotaka: lazima kamati husika itoe pendekezo baada ya kupata maoni ya Waziri wa Fedha. Wengi hukosea hapa kwa sababu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 ilipitia Seneti kweli. Ilipitia huko kwa kuwa nyumba ni kazi ya kaunti pia, na maseneta waliifanyia marekebisho ili kaunti zipate nafasi. Kujadili mswada ulioletwa ni jambo moja, kuleta wako wa kufuta ushuru ni jingine. Huo wa pili hautapita hata meza ya Spika wake mwenyewe.

Siku 100 nazo zipige hesabu. Uchaguzi ni Jumanne ya pili ya Agosti, yaani Agosti 10, 2027. Mwaka wa fedha utakuwa umeshaanza Julai 1, na bajeti yake imeshapitishwa na bunge linaloondoka. Bunge jipya linakaa kikao cha kwanza, linaapisha watu, linachagua maspika, kisha linagombania kamati. Siku 100 zinakwisha katikati ya Novemba. Ushuru unaweza kubadilishwa katikati ya mwaka, hilo halina ubishi: Septemba 2018 VAT ya mafuta ilishushwa kutoka 16 hadi 8 majuma machache tu baada ya kuanza kutozwa, na Desemba 2024 sheria za kodi zilirekebishwa tena. Lakini mara zote mbili gari liliendeshwa na Ikulu, Hazina na Bunge la Kitaifa. Seneta alikuwa abiria.

Ahadi iliyo ndani ya mamlaka yake ni hiyo ya asilimia 35, na ndiyo mbane kisawasawa. Kifungu 203(2) kinasema kaunti zisipewe chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, zikipigiwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge la Kitaifa. Shetani yuko kwenye maneno hayo ya mwisho, kwa sababu hesabu hizo huchelewa miaka. Mgao wa 2024/25 ulipimwa kwa hesabu za 2020/21, takriban shilingi trilioni 1.57. Kaunti zilipata bilioni 387.4, na kwa kipimo hicho ni karibu asilimia 24.7. Asilimia 35 ya trilioni 1.57 ni kama bilioni 550. Asilimia 35 ya mapato ya mwaka huohuo ni pesa nyingi zaidi ya hapo. Kwa hiyo swali la kwanza ni: asilimia 35 ya hesabu za mwaka gani? Asipojua tofauti, hajausoma mswada wa ugavi wa mapato hata mmoja, na huo ndio mkate wa Seneti kila mwaka.

La pili, ataipataje? Mwaka 2025 Seneti ilitaka bilioni 465 na Bunge la Kitaifa likashikilia 405. Kamati ya upatanishi ikatoka na 415. Kwenye mambo ya kaunti kila ujumbe wa kaunti una kura moja, inayopigwa na seneta aliyechaguliwa, na jambo halipiti bila kura 24 kati ya 47. Na hata likipita, mezani kuna Bunge la Kitaifa upande wa pili. Mwulize atawapa nini wabunge ili wakubali.

Kisha kuna fomula ya kugawa pesa kati ya kaunti zenyewe, Kifungu 217, na hiyo iko mikononi mwa Seneti hasa. Fomula ya tatu ilitoa asilimia 18 kwa idadi ya watu, 17 afya, 10 kilimo, 5 huduma za mijini, 14 umaskini, 8 ukubwa wa ardhi, 8 barabara, na 20 sawa kwa wote. Kila kaunti huvutia upande wake. Nakuru ilihesabiwa watu 2,162,202 mwaka 2019, ya tatu nchini baada ya Nairobi na Kiambu, kwa hiyo inanufaika idadi ya watu ikipewa uzito. Kaunti kubwa zenye watu wachache zinataka ardhi ihesabiwe zaidi. Mwaka 2020 maseneta walikwama kwa hilo miezi mizima, kaunti zikakaa bila pesa hadi Septemba. Kipeperushi chake hakina neno hata moja kuhusu hili, na kwangu huo ndio upungufu mkubwa kuliko yote aliyoyaandika.

Nyongeza. Kama kweli anataka serikali ndogo, pa kuanzia pako chini ya pua yake. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti kila robo mwaka, na humo utaona kaunti nyingi zinavunja zote mbili. Hilo seneta anaweza kuanza nalo wiki ya kwanza, bila kubadilisha sheria hata moja. Angekuwa mhafidhina wa pesa hasa, lingekuwa ukurasa wa kwanza.

---

Hesabu_Njoro alijibu:

Karani amemaliza upande wa mamlaka, mimi nagusa mfuko.

Watu wanadhani tozo ya nyumba ikiondoka, mwenye mshahara wa 50,000 ataongeza 750 mfukoni. Sivyo. Tangu mwisho wa Desemba 2024, tozo hiyo, SHIF (bima ya afya) na NSSF (akiba ya uzeeni) hutolewa kwanza kabla ya PAYE (kodi ya mshahara) kukatwa. Fanyeni hesabu hii ubaoni, kwa viwango vya 2025: NSSF asilimia 6 ni 3,000. SHIF asilimia 2.75 ni 1,375. Tozo 750. Kinachobaki cha kutozwa kodi ni 44,875. Shilingi 24,000 za kwanza hukatwa asilimia 10, yaani 2,400. Zinazofuata 8,333 hukatwa 25, yaani 2,083. Zilizobaki 12,542 hukatwa 30, yaani 3,763. Jumla 8,246. Ondoa msamaha wa 2,400, PAYE inakuwa kama 5,846, na mfanyakazi anaenda nyumbani na 39,029.

Futa tozo. Ile 750 sasa inaingia kwenye mshahara unaotozwa, kwenye ngazi ya asilimia 30, na PAYE inapanda kwa 225. Faida ya mfanyakazi ni 525 kwa mwezi. Mwajiri naye anaokoa 750 zake, kwa sababu analipa kiasi kilekile, na hakuna sheria inayomlazimisha kumwongezea mtu. Mgombea akitaja 750 jukwaani, msomeeni hesabu hiyo polepole.

VAT ya mafuta: ilipanda kutoka 8 hadi 16 kwa Sheria ya Fedha ya 2023. Ikishuka, bei ya pampu inashuka kweli, lakini msidhani ni nusu ya ushuru wote. Ndani ya lita moja kuna ushuru wa bidhaa, tozo ya matengenezo ya barabara iliyopandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 Julai 2024, tozo ya maendeleo ya petroli ya 5.40, na nyingine za forodha. Kushusha VAT hakuziondoi hizo. Kila tarehe 14 EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati, ikitangaza bei hutoa jedwali la mchanganuo. Lichapisheni mwende nalo, awaonyeshe kwa kidole mstari atakaoushusha.

Sasa mgongano ulioutaka, mwenye uzi. Ahadi tatu hizi haziishi nyumba moja: punguza kodi, usikope, ongezea kaunti. Bajeti ya 2025/26 ilikuwa kama shilingi trilioni 4.29, na pengo lililopangwa kuzibwa kwa mkopo lilikuwa takriban bilioni 923. Pengo hilo ni zaidi ya mara mbili ya bilioni 415 za kaunti zote 47 kwa mwaka huohuo. Asikope hata shilingi, basi bilioni 923 zikatwe mahali. Deni lenyewe halikatiki, maana Kifungu 214 kinalifanya mzigo wa Mfuko Mkuu wa Serikali, linalipwa kabla ya mwalimu na kabla ya dawa.

Na tumeshaona jinsi inavyotokea. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikusudia kukusanya bilioni 346. Baada ya maandamano ya Juni 25, Rais alikataa kuutia saini siku iliyofuata. Kaunti zilikuwa zimeshapangiwa bilioni 400.1. Pengo lilipotokea, Bunge la Kitaifa likataka zishuke hadi 380, Seneti ikakataa, wakakutana kwenye 387.4. Kodi ilizuiwa, na kaunti zikapoteza zaidi ya bilioni 12. Sisemi ule mswada ungefaa kupita, kila mtu ana lake. Ninasema mgombea useneta wa kaunti hawezi kuahidi kodi ndogo na mgao mkubwa bila kutaja wizara atakayoikata, na kwa kiasi gani. "Ufisadi" na "ubadhirifu" visikubaliwe kama jibu, kwa sababu bajeti haina fungu lililoandikwa jina hilo.

Kuhusu ukomo wa deni, mkumbusheni uko tayari: tangu 2023 sheria inaweka asilimia 55 ya pato la taifa kwa thamani ya sasa, na nafasi ya asilimia 5 juu, mahali pa ule ukomo wa trilioni 10. Swali zuri ni kama angependa turudi kwenye kiasi cha shilingi au tubaki na asilimia. Wahafidhina wa fedha wana sababu nzuri kila upande, na hapo mtajua kama ameisoma.

---

Milimani_Kisumu alijibu:

Nitashika familia, shule na kitanzi, maana ndiyo yatakayopigiwa makofi kanisani na ndiyo ambayo watu hawaulizi njia.

Ndoa kwanza, kwa sababu ni fupi. Kifungu 45(2) tayari kinasema kila mtu mzima ana haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti. Kanuni ya Adhabu, sehemu ya 162, ina kifungo cha miaka 14 kwa kinachoitwa matendo kinyume cha maumbile, na Mahakama Kuu ilikataa kuifuta Mei 24, 2019. Kwa hiyo "nitailinda ndoa" ni kuahidi kilichopo. Kilichobadilika ni kidogo na mahususi: Februari 24, 2023 Mahakama ya Juu ilisema shirika la kutetea haki za watu wa mapenzi ya jinsia moja haliwezi kunyimwa usajili kwa sababu ya wanaowatetea. Ndipo ukaja Mswada wa Kulinda Familia wa 2023, uliopendekezwa na Peter Kaluma wa Homa Bay Town. Mwulizeni kama anauunga mkono ule mswada kama ulivyoandikwa, adhabu zake zote, au anataka tofauti. Hapo mtapata msimamo badala ya kauli ya jukwaani.

Utoaji mimba. Kifungu 26(2) kinasema uhai unaanza mimba inapotungwa. 26(4) kinakataza kutoa mimba isipokuwa mtaalamu wa afya akiona kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa imeruhusu. Ukisema "bila kisingizio chochote" unaondoa hayo yote. Na kwa kuwa hicho ni Kifungu cha Sheria ya Haki (sura ya Katiba inayolinda haki za kila mtu), Kifungu 255 kinadai kura ya maamuzi. Njia ni mbili. Ya bunge: siku 90 kati ya kusomwa mara ya kwanza na ya pili, kisha theluthi mbili ya wabunge wote katika kila bunge, mara ya pili na ya tatu, kisha wananchi. Ya wananchi: saini milioni moja, IEBC (tume ya uchaguzi) izihakiki, mabunge ya kaunti 24 au zaidi yapitishe ndani ya miezi mitatu, ndipo bunge, ndipo kura. BBI, ule mpango wa kubadilisha Katiba, ilijaribu njia hii ya pili, na Machi 31, 2022 Mahakama ya Juu ikaizika kwa sababu rais hawezi kuianzisha. Kwenye kura yenyewe, angalau asilimia 20 ya waliosajiliwa lazima wajitokeze katika nusu ya kaunti au zaidi, na wingi wa kawaida ushinde. Tukumbuke makanisa mengi yalipiga kampeni ya Hapana mwaka 2010 kwa ajili ya kifungu hikihiki na mahakama za Kadhi, na Katiba ikapita kwa takriban theluthi mbili.

Swali langu kwake lingekuwa la wodini: mimba imetunga kwenye mrija, nje ya mji wa mimba, na mama anavuja damu ndani. Daktari wa hospitali ya kaunti afanye nini chini ya marekebisho yako? Hata Kanuni ya Adhabu ya enzi za mkoloni, sehemu ya 240, ilimlinda daktari anayepasua ili kuokoa mama. Kama anataka kuiacha hiyo, basi kisingizio kimoja anacho, na aseme.

Kiboko. Hapa watu hushangaa. Kila mtu anajua viboko vilipigwa marufuku shuleni 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, sehemu ya 36, ina faini isiyozidi 100,000 au miezi sita jela. Wasichojua ni kwamba Kifungu 29(e) cha Katiba kinamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko. Nacho ni Sheria ya Haki. Kwa hiyo kukirudisha darasani ni safari ileile ya kura ya maamuzi, kwa moja ya njia zile mbili.

Kunyonga, kinyume chake, hakuhitaji kura hiyo, maana Kifungu 26(3) kinaacha mlango wa sheria iliyoandikwa. Kichekesho ni kwamba kwa Katiba yetu, njia ya kumnyonga mwizi ni fupi kuliko ya kumchapa mwanafunzi aliyechelewa gwaride. Fupi, lakini ina miba: Desemba 14, 2017 Mahakama ya Juu ilisema jaji hawezi kulazimishwa kutoa hukumu ya kifo kwa kosa la mauaji, na nchi haijamnyonga mtu tangu 1987. Mikataba tuliyoridhia inaitengea adhabu hiyo makosa mazito kabisa. Sheria ya ufisadi ya 2003 tuliyonayo inatoa hadi miaka 10 na faini ya hadi milioni moja, na juu yake faini ya lazima ya mara mbili ya kilichochumwa au kilichopotea. Mwulizeni ni wangapi wameshalipa hiyo mara mbili, na kwa nini kitanzi kitafanya kazi mahali ambapo faini haikutozwa. Na tena, hilo ni la Bunge la Kitaifa.

CBC nayo si ya Seneti. Jedwali la Nne linaipa serikali ya kitaifa mitaala, mitihani, shule za msingi na sekondari. Kaunti zina chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Waliofungua Gredi ya 10 Januari 2026 watakuwa Gredi ya 11 siku ya kura. Anayesema "iondoke" aeleze hao watafanya mtihani gani. Kwa upande mwingine, mshahara wa mwalimu wa chekechea ni wa kaunti, na hilo ni lake kabisa. Lisipite hivihivi.

---

Miwa_Bungoma alijibu:

La sukari amechelewa, angalau nusu. Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony zilikodishwa kwa kampuni binafsi 2025 kwa miaka 30. Mumias iko kwa mkodishaji tangu Desemba 2021. Akisema "serikali iache biashara", mwulizeni: unataka viuzwe kabisa, pamoja na ardhi ya shamba mama (shamba la kiwanda chenyewe)? Maana kukodisha na kuuza ni vitu viwili, na mkulima wa huku anajua tofauti kuliko mwanasiasa.

Kuzuia sukari ya nje hakuko Nairobi peke yake. Ushuru wa forodha wa asilimia 100 kwa sukari inayotoka nje ya kanda umewekwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kubadilisha ni kazi ya Baraza la Mawaziri la Jumuiya huko Arusha. Seneta hana kiti pale. Tena mtu wa soko huria anayetaka mpaka ufungwe, hiyo nayo mwekeeni mezani taratibu.

Alicho nacho ni Sheria ya Sukari ya 2024, maana kilimo ni cha kaunti. Ilirudisha Bodi ya Sukari na tozo ya hadi asilimia 4, kwa sukari ya hapa na ya nje pia. Mhafidhina asiyependa tozo atasema ifutwe. Mkulima anaitaka, kwa sababu ndiyo ya mbegu, utafiti na barabara za mashambani zinazokula ekseli za trekta. Anasimama wapi?

Na ninyi wa Nakuru msimalize sukari mkasahau viazi. Kanuni za viazi za 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Piteni Molo siku ya soko mhesabu lumbesa. Sheria ipo, usimamizi ni wa kaunti, na mchunga kaunti ni seneta.

---

Msimamo_Imara alijibu:

Nawashukuru kwa vifungu, lakini mnamkata miguu kabla hajasimama. Seneta ni sauti pia. Miswada inayogusa kaunti ni mingi, na afya ni ya kaunti, kwa hiyo mswada wa afya ya uzazi utapita mbele yake atake asitake. Anayemchagua ana haki ya kujua atapiga kura upande gani. Pia Seneti ina kura katika njia ya bunge ya kubadilisha Katiba: theluthi mbili ya maseneta 67 ni 45. Mtu akisema "nitaunga mkono marekebisho ya 26(4)" amesema jambo la kweli na linalopimika. Kosa lake ni kuandika "nitapiga marufuku".

Hata kwenye kodi si mgongano wa lazima. Upo uhafidhina wa kusema kata matumizi kwanza, kodi ishuke kwa hatua, mkopo upungue kila mwaka hadi uishe. Ni msimamo halali, na ukiandikwa na miaka yake unapimika. Mpeni nafasi ya kuusema hivyo kabla ya kumzomea.

---

Mkazi_Section58 aliandika:

Asanteni sana, hata wewe Msimamo, hoja yako tumeipokea: tutamwomba abadilishe "nitafanya" iwe "nitapigia kura". Swali la mwisho kwa Karani. Mdahalo ni saa moja na nusu, na tuna maswali kama ishirini. Mnapanga vipi ili asikimbilie mahubiri?

---

Karani_wa_Vikao alijibu:

Ishirini ni mengi, hamtayamaliza. Toeni dakika 15 za ukumbi, zinabaki 75. Swali moja likipewa dakika mbili za jibu, swali la ufuatilizi na dakika moja ya jibu lake, pamoja na kusoma na makofi, ni dakika tano hadi sita. Chagueni 12 mjue mtauliza 11.

Anzeni na asilimia 35 na fomula, watu wakiwa bado macho. Maswali ya imani yakitangulia, ukumbi utashangilia kila jibu na hamtarudi kwenye pesa tena. Ya Milimani yawekeni katikati, la wodini likiwa la kwanza kati yao.

Kila swali liwe na namba ndani yake na liishie kwenye kitendo: utapiga kura ipi, utakata fungu lipi, kwa kiasi gani, kufikia bajeti ya mwaka gani. Mwongozaji ashike karatasi yenye kifungu chenyewe kwa ukamilifu, asome maneno ya Katiba badala ya kuyafupisha, kwa sababu ukifupisha atabishana na ufupisho wako. Mpelekeeni mada wiki moja kabla, lakini maswali ya ufuatilizi yafiche.

Wagombea wengine wa kiti hichohicho waalikeni kwa barua ya tarehe ileile, hata kama kila mmoja atakuja siku yake, na wote wapewe maswali yaleyale 12. Vinginevyo kesho mtaambiwa kanisa limechukua upande. Na rekodini sauti. Baada ya uchaguzi, rekodi za kura zake mtazipata kwenye taarifa za vikao vya Seneti, na mkihitaji kusukuma jambo, Kifungu 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi bungeni. Ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, liseme mlichokwisha kujaribu na mnachotaka bunge lifanye, na kila anayetia saini aandike na namba ya kitambulisho.